Hapimi Mtu Baada ya Mjomba

Pikipiki ya mbele ilikata kona kwenye duka la mabati na kuangusha ndoo tatu.

Sindano hakupunguza mwendo.

Alikuwa nyuma kwa urefu wa lori moja, juu ya Yamaha ya kuazima yenye breki za kubahatisha, koti limejaa upepo. Mtu aliyekuwa mbele yake alivaa helmeti nyekundu na alipita katikati ya wachuuzi kama anayekimbia nyuki. Mgongoni alikuwa na begi jeusi. Begi hilo ndilo lililokuwa likitafutwa na ofisi ya upelelezi.

"Toka njiani! Toka!"

"Dada, utatuua!" muuza viatu alipiga kelele huku akikumbatia mali yake. "Na hizo breki uziombee!"

Alikuwa ameshaziombea.

Redio ikanguruma sikioni. "Sindano, hapa Mkuu. Hali?"

"Namwona."

"Nataka begi."

"Na mtu je?"

"Mtu tutampata. Begi kwanza."

Helmeti Nyekundu akaingia uchochoro wa kushoto. Lilikuwa kosa. Uchochoro ule uliishia kwenye ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Jamaa aliiacha pikipiki ikianguka yenyewe, akaruka, akashika juu ya ukuta. Mkanda wa begi ukanasa kwenye vipande vya chupa. Akavuta. Ukakataa. Akatazama nyuma, akaiona Beretta mkononi mwa Sindano, akachagua maisha.

Alianguka upande wa pili. Begi likabaki likining'inia.

Sindano alilishusha polepole. Alitarajia bastola. Pengine bomu.

Ndani kulikuwa na soksi moja ya sufi.

Ndani ya soksi, risasi.

Hazikuwa gololi za duara. Zilikuwa ndefu, za madini laini ya kijivu, kila moja kama pingili ya kidole, zimepakwa mafuta, na kiunoni zina mikunjo ya kuzunguka.

Kesho yake klabu ya magobore ilikuwa na mashindano. Gobore linajazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha gololi iliyoviringishwa kitambaa chenye mafuta, kisha mdeki, ule ufito mrefu wa kusukumia kila kitu hadi chini. Sheria ya mashindano ilikuwa moja. Gololi tu. Na juu ya jukwaa, ng'ambo ya uwanja, angekaa mlezi wa klabu, Jaji, mama mwenye miwani minene aliyekuwa akisikiliza kesi ya dhahabu ya magendo.

Ofisi ilikuwa imenasa sentensi moja kwenye simu ya wavushaji wa dhahabu hiyo.

*Mama atalala kwenye moshi.*

Hakuna kitu kinachotoa moshi kama magobore yakilia pamoja. Geti la uwanja lingenasa silaha yoyote ya kisasa. Kwa hiyo swali la ofisi lilikuwa moja tu: je, gobore lolote kati ya yale ya klabu linaweza kumfikia Jaji pale alipo?

Fundi wa bunduki za klabu alikuwa ameyapima yote na kusema hapana. Kwa neno lake, kioo cha kuzuia risasi kiliondolewa jukwaani. Jaji mwenyewe alikuwa akikichukia. Alisema kinamfanya ajione kama keki ya dukani.

Sindano alitoa Nokia yake na kumpigia Fundi huyo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Umeanza tena kukimbizana na wanaume barabarani?"

"Mmoja tu, na amenikimbia. Mjomba, nimepata risasi. Ndefu. Zina mikunjo kiunoni."

Upande wa pili, sauti ya tupa ikisugua chuma ilinyamaza.

"Ndefu kiasi gani?"

"Mara mbili ya unene wake."

"Basi kapumzike," Mjomba alisema, na tupa ikaanza tena. "Unakumbuka zile pia za kuzungusha nilizokuchongea?"

"Nakumbuka. Ile fupi na ile ndefu."

"Ehe. Fupi unaizungusha kidogo tu, inasimama. Ndefu usipoizungusha kwa nguvu inalala. Gololi haina kichwa wala mkia, mwanangu. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu inaizungusha kivivu na inatosha. Ukiizungusha sana na kuipa kasi kubwa, inachana kitambaa na kuteleza juu ya mifereji. Lakini hiyo ndefu ina kichwa na mkia. Isipozungushwa sana, mkia unataka kutangulia."

"Inataka msokoto gani?"

"Mzunguko mmoja kwa inchi ishirini na nane hivi. Na baruti ya kuisukuma sawasawa, maana msokoto bila kasi hauna faida. Mitutu ya klabu ni ya gololi, yote. Inchi sitini na sita. Hiyo risasi ikipita humo itatoka inapepesuka kama mlevi anayetafuta mlango." Akacheka kidogo. "Nimeshapima."

Nimeshapima.

Katika karakana ya Mjomba neno hilo lilikuwa kufuli. Likishatamkwa, hakuna aliyegusa mdeki. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, zamani, aliyepima mtutu baada ya Mjomba "kuhakikisha tu". Mjomba hakumkaripia. Alichukua koti la kijana ukutani, akalikung'uta vumbi, akamvalisha mwenyewe na kumfungulia mlango.

Hapimi mtu baada ya Mjomba. Sindano alikua na sheria hiyo. Mama yake alipofariki, kaka wa mama ndiye aliyemchukua, akamlea kati ya vyuma na mafuta ya kulainishia, akampeleka shule, akamfundisha shabaha, na ndiye aliyempeleka ofisini siku ya kwanza ya kazi akiwa amevaa suti yake ya pekee.

Alipumua. Alimshukuru Mungu. Akafunga begi.

Kisha akaona magurudumu ya pikipiki iliyoachwa.

Yalikuwa meupe.

* * *

Vumbi jeupe namna ile lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, nje ya mji. Jua lilikuwa bado juu alipofika. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mashine ya kusagia kokoto iliyokula kutu, na ubao mpana umeegemezwa kwenye mwamba.

Ubao ulikuwa na matundu.

Sindano alirudi nyuma kutafuta mahali mpigaji aliposimama. Alitembea sana. Alipoziona fataki, vile vikofia vidogo vya shaba vinavyowasha baruti ya gobore, vimetapakaa kwenye vumbi, aligeuka na kuutazama ubao. Ulikuwa mbali. Ulikuwa mbali kama jukwaa la Jaji lilivyo mbali na mstari wa wapigaji.

Gololi ikifika umbali ule inakuwa imechoka, na upepo umeshaipeleka unakotaka wenyewe.

Alirudi kwenye ubao. Kwa ncha ya kisu alichimbua risasi moja. Ilikuwa ndefu. Ndugu wa zile za kwenye soksi.

Akayatazama matundu tena.

Kama risasi hizi zingetoka kwenye mtutu wa gololi, zingefika zimelala ubavu. Kila tundu lingekuwa refu, kama tundu la ufunguo. Haya yalikuwa ya duara. Safi. Yamekaribiana kiasi kwamba kiganja kimoja kiliyafunika yote.

Basi mtutu wa msokoto mkali ulikuwepo. Na bunduki pekee zitakazoingia uwanjani zilikuwa zimepimwa na mtu mmoja.

Alikaa chini kwenye jiwe.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia, "afadhali niwe nimekosea mimi."

* * *

Ghala la silaha la klabu lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Mlinzi alimjua. "Karibu, mama. Mjomba wako ametoka sasa hivi. Amefunga kila kitu."

"Nimesahau miwani yangu."

Hakuwahi kuvaa miwani.

Magobore yalikuwa yamesimama kwenye rafu yao, ya kiwanda kimoja, yanafanana kama mapacha, kila moja na namba kwenye kitako na alama ya chaki ya Mjomba. Sindano alitoa mfukoni kamera nyembamba kama uzi, kifaa kipya cha ofisi, akaiingiza kwenye mtutu wa kwanza. Kwenye simu yake ikatokea picha ya mifereji. Akaingiza kwenye wa pili, wa tatu. Mifereji ilikuwa idadi ileile, kina kilekile. Kamera ilionyesha kila kitu isipokuwa alichotaka, msokoto.

Akairudisha mfukoni.

Akachukua mdeki.

Mkono ulikuwa mzito. Alikuwa mpelelezi wa serikali, aliwahi kuruka kutoka kwenye treni, na hapa aliogopa ufito wa mbao. Alifunga kitambaa kwenye ncha, kikabana. Akabandika karatasi ndogo kwenye mdeki, iwe bendera. Ukisukuma, kitambaa kinafuata mifereji, mdeki unazunguka wenyewe, na bendera inakuambia ukweli.

Namba moja. Mdeki ulifika chini na bendera haikumaliza hata nusu ya mzunguko. Mtutu wa gololi.

Namba mbili, vivyo hivyo.

Tatu. Nne. Tano. Sita.

Namba saba.

Bendera ilianza kugeuka mara moja. Ikapita upande wa dirisha, ikapita chini, ikarudi juu, na mdeki ulikuwa bado haujagusa chini.

Sindano aliusukuma mara ya pili. Jibu lilikuwa lilelile.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana yake alikuwa amesimama hapa hapa, pembeni ya Mjomba, akimtazama akipima. Namba tano, sita. Kisha Mjomba akakohoa, kikohozi kikavu, akashika kifua. "Mwanangu, niletee maji." Alikimbia kuyaleta. Aliporudi na glasi, namba saba ilikuwa na chaki.

Alinituma maji.

Hakulia. Alipiga redio.

"Mkuu. Ni namba saba."

"Una hakika?"

"Nimepima."

Mkuu alikuwa akijua karakana ile na sheria yake.

"Mkamate sasa hivi," akasema.

"Nikimkamata, mpigaji anatoweka. Hatumjui. Mwezi ujao anakuja kwa njia nyingine, na hatutakuwa na Mjomba wa kutuonyesha ni nani."

"Unataka kumwacha afyatue?"

"Nataka afyatue kwa mtutu usioweza. Haya magobore mitutu yake inachomoka, Mkuu. Kabari moja tu. Lipo gobore la akiba kwenye sanduku, la gololi. Navua mtutu wake, navisha namba saba."

"Na Jaji?"

"Chuma nyuma ya kitambaa cha meza. Fulana ya kuzuia risasi. Na viti vya kulia na kushoto kwake viwe vitupu. Wekeni kibao cha rangi mbichi."

"Ngoja." Redio ilikwaruza. Ikakaa. Ikarudi. "Jaji anasema atakaa. Anasema pia fulana iwe saizi yake, ile ya mwaka jana ilimbana."

Sindano alipiga magoti kwenye saruji kabla ya kuanza. Hakuomba ushindi. Aliomba mkono usitetemeke. Kisha akagonga kabari ikatoka, akanyanyua mtutu wa namba saba, akaushika mwangani.

Kwa nje hakuna aliyeweza kuutofautisha na mingine. Rangi ileile. Mifereji idadi ileile mdomoni, imechongwa ifanane kusudi. Hata aliyeutengeneza asingeutambua kwa macho.

Angelazimika kupima.

* * *

Asubuhi Mjomba alikuja ghalani na chupa yake ya chai. Alimimina kwenye kifuniko, kama alivyofanya Sindano alipokuwa mdogo, akapuliza kwanza, ndipo akampa.

"Kunywa. Umekonda. Hiyo ofisi inakulisha nini, karatasi?"

"Na wino kidogo, Mjomba."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri. Kisha macho yake yakaenda kwenye rafu, yakakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Mlinzi anasema ulirudi jana."

"Nilirudi."

"Kuna kitu?"

Chai ilikuwa ya moto mkononi. Sindano alimtazama mzee aliyemlea. Alitamani mzee akiri mwenyewe. Alimpa nafasi, akanywa funda moja, akanywa la pili. Mjomba alikuwa akipangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Nilikaa tu," Sindano alisema. "Nilikuwa na wasiwasi na zile risasi ndefu."

"Na hukupima?"

"Baada yako? Nani apime?"

Mabega ya Mjomba yakashuka. "Mtoto wa dada yangu," alisema kwa upendo, na akamwongezea chai.

Ilikuwa chai tamu kuliko zote. Sindano aliimaliza kwa shida.

* * *

Uwanja ulijaa. Sindano alisimama kwenye mstari wa wapigaji, amevaa fulana ya njano ya msimamizi, filimbi shingoni, kipaza sauti cha ofisi kimeshonwa ndani ya ukosi. Bastola ilikuwa chini ya fulana.

Mjomba alishika kofia ya kura. Wapigaji walipita mmojammoja, wakiokota vibao vyenye namba za magobore. Alikuja mwenye malori, mtu mrefu mwenye kidevu kirefu zaidi, anayejulikana na mji mzima kwa misaada yake na kwa kucheka hovyo. Walimwita Kidevu, na yeye alikuwa akiitika.

Kidevu alitumbukiza mkono. Sindano aliona kidole gumba cha Mjomba, ndani ya kofia, kikisukuma kibao kimoja kuelekea vidole vya yule mtu.

"Saba!" Kidevu alikinyanyua. "Namba yangu ya bahati!"

"Ni Kidevu," Sindano alinong'ona ukosini.

"Mwenye malori?" Mkuu hakuamini. "Aliyetununulia gari la wagonjwa?"

"Huyo huyo."

Kidevu alipita mbele yake na namba saba begani. "Dada wa njano! Leo unatulinda na nini? Hiyo filimbi?"

"Filimbi inatosha, bosi."

"Haya bwana!" Akaondoka akicheka.

Mjomba alibaki kwenye meza yake, darubini shingoni, kazi yake ikiwa kusoma matundu kwenye shabaha. Ng'ambo, Jaji alikuwa amekaa wima jukwaani, mpweke katikati ya viti vitupu, akijipepea na ratiba.

Wapigaji walijaza. Baruti. Kidevu aligeuza mgongo kidogo, kama anayekwepa upepo. Mkono wake uliingia mfukoni badala ya kwenye mkebe wa gololi. Mdeki ukashuka. Fataki ikawekwa.

"Ameweka ndefu," Sindano alisema.

"Subiri kidole."

Ee Bwana, nisiwe nimekosea kabari.

"Tayari!" Msimamizi mkuu aliinua bendera.

Bendera ikaanguka.

Magobore yalilia pamoja, sauti moja nzito iliyotikisa vifua, na moshi mweupe ukaumeza mstari wote. Ndani ya moshi, bunduki moja ilikuwa haijalia. Sindano alikuwa hatua chache kutoka pale. Aliuona mdomo wa namba saba ukiacha shabaha, ukipanda, ukigeuka taratibu kuelekea ng'ambo.

Kidole kikavuta.

Namba saba ikalia.

Sindano hakusubiri. Goti lilimwingia Kidevu nyuma ya mguu, kiwiko kikamkuta shingoni, uso wake ukakutana na majani. Gobore likaruka pembeni. Beretta ikatulia nyuma ya sikio lake.

"Ajali!" Kidevu alifoka na mdomo umejaa udongo. "Imefyatuka yenyewe!"

"Na hii nayo iliingia mfukoni yenyewe?" Alimchomolea risasi ya pili, ndefu, yenye mafuta. Akapuliza filimbi, mara moja. Vijana wa ofisi wakatokea pande zote.

"Mkuu! Jaji?"

"Amekaa. Anakunywa maji." Pumzi ndefu kwenye redio. "Imepiga ubao wa matokeo. Kulia kabisa, juu ya viti vya rangi mbichi. Sindano, tundu ni refu kama kidole. Imeingia ubavu."

Moshi ulikuwa ukipanda. Watu walikuwa wakikimbia, wakiita watoto wao.

Mjomba hakukimbia. Hakumtazama Jaji. Hakumtazama Kidevu aliyekuwa akifungwa pingu. Alikuwa ameinua darubini kuelekea ubao wa matokeo, na mdomo ulikuwa wazi.

Alikuja hadi kwenye mstari. Aliiokota namba saba kwenye majani kama mtu anayeokota mtoto.

"Imelala," alisema. "Risasi imelala."

"Mjomba."

"Haiwezekani. Huu mtutu haulazi risasi." Sauti ilipanda, na watu wakageuka. "Nimeukata mimi! Inchi ishirini na nane, mfereji kwa mfereji, kwa mkono wangu! Baruti nimempimia mimi, kasi nimeijaribu mimi! Hauwezi!"

"Nimesikia," Mkuu alisema kwa sauti ya chini sikioni. "Pole, mwanangu."

Mkuu hakuwahi kumwita hivyo.

"Si huo, Mjomba," Sindano alisema. "Wako uko kwenye buti la gari langu."

Mzee alitazama bunduki mikononi mwake. Akaitazama kwenye kabari. Akapitisha kidole juu ya mtutu, polepole, na Sindano aliona ukweli ukimfikia.

"Ulipima."

"Nilipima."

"Baada yangu."

"Baada yako."

Alimtazama kama mtu aliyeibiwa nyumbani kwake na ndugu. Macho yalimjaa machozi. "Mtoto niliyemlea mimi. Nimekupulizia chai leo asubuhi, na ulikuwa umeshanipima. Ungeniuliza tu!"

"Ulinituma maji, Mjomba."

Mzee aliikumbatia bunduki kifuani.

Vijana wawili wa ofisi walisogea na pingu. Sindano aliwainulia mkono wangoje.

"Miaka yote nimesugua mitutu ya wengine," Mjomba alisema mwishowe, akiongea na majani. "Kutoa kutu. Kunyoosha. Mkanipa saa ya ukutani, mkaniambia asante. Yeye alinipa mashine na chuma kizuri, akasema, Fundi, tengeneza wako. Wako mwenyewe. Nani alishaniambia hivyo?"

"Na ulijua ni wa kumpigia nani."

Upepo uliondoa moshi wa mwisho, na jukwaa likaonekana, na mama mwenye miwani minene amesimama pale akiwaambia walinzi wake waache kumshikashika.

Mjomba alimwona. Akainamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ya aibu, sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwake:

"Ulipoupima. Ni mzuri?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa na haki zote.

"Sijawahi kupima mtutu mzuri kama ule," alisema.

Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyelipwa. Akamkabidhi bunduki, kitako kwanza, mdomo juu, kama alivyomfundisha akiwa mtoto. Akatoa mikono yake yote miwili kwa vijana.

Sindano hakugeuka kumtazama akiondoka.

* * *

Jaji alimngojea kwenye ngazi za jukwaa, akihangaika na kamba za fulana chini ya koti.

"Binti, asante. Sasa nivue hili dude kabla halijafanya kazi ambayo risasi imeshindwa."

Sindano alimfungulia kamba. Jaji alimtazama usoni kwa muda. "Yule mzee ni nani wako?"

"Kaka wa mama."

Jaji alimshika mkono, akaubana, akauachia. Sindano alishukuru kwa hilo kuliko kwa maneno yote.

Kwenye maegesho, ofisa wa vielelezo alikuwa tayari pembeni ya Toyota yake, kijana nadhifu, glavu mkononi, kalamu tayari. Sindano alifungua buti. Mtutu ulikuwa umefungwa kwenye shuka. Kando yake kulikuwa na mdeki, na kwenye mdeki bendera ndogo ya karatasi bado imebandikwa.

Alimkabidhi vyote viwili.

"Mtutu mmoja," ofisa alisema akiandika. "Msokoto wake ni upi, afande? Niandike ngapi?"

"Ishirini na nane."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Sindano alimshika mkono.

"Usiandike," alisema. "Pima kwanza."

Akavaa miwani ya jua, akaingia garini, akawasha injini na kutoka getini bila kuangalia kioo cha nyuma.